Wabebaji wa Benchi

Jumamosi asubuhi matroni wa klabu ya mpira wa wavu alikuwa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, anafua bendeji. Alizifua kwa sabuni ya mche, akazisuuza maji mawili, akazikamua na kuzianika kwenye misumari ya ukuta, upande wa kivulini. Jasho lilitoka. Vumbi lilitoka. Maumivu hayakutoka, na yeye alikwisha acha kujisumbua nayo. Maumivu hayatoki kwa sabuni. Hutoka kwa kuvalishwa mtu mwingine.

Jambo hilo lilijulikana klabuni tangu msimu uliopita, na lilijulikana kwa makosa. Bendeji zilikuwa chache, kama kawaida. Matroni alimfungua goti mchezaji waliyemwita Twiga, na bendeji ile ile, ikiwa bado na joto la Twiga, akamfunga mtoto mwingine aliyechubuka. Twiga akasimama, akaruka kujijaribu, akarudi uwanjani. Yule aliyechubuka akakaa chini na kulia kilio cha mtu mwenye goti la Twiga. Kocha, ambaye wote walimwita Mwalimu, alitazama huku, akatazama kule. "Haya, tumeelewana," alisema, na mazoezi yakaendelea.

Twiga ndiye aliyekuwa mshambuliaji wao. Akiruka, timu ya upande wa pili iliona kidevu chake juu ya wavu. Daktari alisema magoti yale yapumzike mwaka mzima. Mwalimu alisema yatapumzika likizo.

Bendeji iliyoshiba maumivu ilibidi ivalishwe mtu kabla haijapoa, la sivyo yalimrudia mwenyewe yakiwa na hasira. Tena haikushika kwa mtu asiyevaa jezi ya klabu. Matroni aliwahi kuomba jezi kubwa, akaivaa juu ya gauni lake, akajifunga. Bendeji ikajifungua, ikajikunja vizuri na kurudi kapuni.

"Labda imeona hapo pamejaa, mama," alisema Mwalimu. Matroni, ambaye magoti yake huijua mvua kabla ya mawingu, hakubisha.

Kwa hiyo waliobeba ni watoto wa benchi, kwa zamu. "Si wamekaa tu?" Mwalimu alisema, wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mpole, asiyefoka, aliyejua majina ya wadogo wa wachezaji wake wote. Wabebaji walikaa kivulini na kupewa soda kabla ya wengine. Walichechemea hadi katikati ya wiki, kisha maumivu yakawaachia. Wazazi walidhani ni mazoezi, wakajivunia. Matroni kila alipofunga alilitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo, maana hakuwa na hakika kama anaomba baraka au anaomba radhi.

Jumamosi hii ilikuwa ya nusu fainali, na zamu ilikuwa ya mjukuu wake.

Huyo mjukuu alikuwa ameingia klabuni hivi karibuni. Matroni alimlea tangu akinyonya chupa, na akimwita "mke mwenzangu," kwa ajili ya marehemu babu yake. Usiku kucha matroni alikuwa ameipanga sentensi moja. Twiga alipoingia akijishikiza mlangoni, matroni alimfunga goti, akangoja hadi pumzi yake ikatulia, akamfungua. Bendeji ilikuwa nzito kama gunia lililoloa. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mke mwenzako yuko wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Anavaa viatu."

"Aje upesi. Inapoa hiyo."

"Huyu hapana, Mwalimu."

Mwalimu alifunga mlango taratibu. Nje wapinzani walikuwa wanapasha misuli, na mipira yao ilipiga sakafu kama mtu anayebamiza milango ya nyumba nzima.

"Mama, wenzake wote wamebeba. Nikimruka yeye, nitawaambia nini?"

"Waambie hatubebi tena."

"Na Twiga?"

"Akae. Ana mguu, si nondo."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mama yangu, sikatai. Lakini mfungaji ni wewe. Umewafunga watoto wa watu msimu mzima, na vifundo umekaza vizuri. Leo ndiyo mkono unatetemeka?"

Sentensi aliyoipanga matroni usiku haikuwa na sehemu ya swali hilo.

"Bibi," alisema Twiga kwa adabu, "yananirudia." Goti lake lilikuwa limeanza kuvimba tena.

Hapo mjukuu akaingia. "Bibi, jezi hii inanibana makwapani," alisema, na bila kusimama vizuri akaruka na kuutwaa mkanda wake wa kichwa kwenye msumari wa juu kabisa, ule ambao matroni huufikia kwa fimbo. Alitua kama paka.

Mwalimu akamtazama. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Kuruka."

Mtoto akaruka. Kiganja chake kiligusa boriti, vumbi likawadondokea wote.

"Tangu lini anaruka hivi?"

"Nyumbani ndiye anayenishushia masufuria," alisema matroni.

"Basi leo anaanza, upande wa pili wa Twiga. Na anayecheza habebi. Hiyo ni sheria, si upendeleo."

Matroni alimshukuru Mungu, tena haraka, kabla hajauliza: "Na hii nayo?"

Mwalimu alikwisha fungua mlango. "Kifungo!"

Kifungo alikuwa mdogo kuliko wote, binti wa fundi viatu wa pale getini. Jezi yake ilimfika magotini kama gauni. Alikuja akichechemea, ingawa katikati ya wiki ilikwisha pita.

"Nilibeba Jumamosi iliyopita, Mwalimu," alisema, si kwa kulalamika, bali kama mtu anayemkumbusha mwenzake aliyesahau.

"Najua, mwanangu. Wewe ndiye mwenye moyo."

Kifungo akakaa, akaipandisha jezi. Matroni alipiga magoti mbele yake. Yale maneno, "hatubebi tena," bado yalikuwa mdomoni, hayajapoa. Mjukuu alikuwa mlangoni, anafunga mkanda wa kichwa, anatabasamu. Matroni akafunga.

Seti ya kwanza walishinda, ya pili wakashindwa. Katika ya tatu, pointi zikiwa sawa, mjukuu aliruka kuzuia na kutua juu ya kiatu cha mpinzani.

"Bibi!"

Mwalimu aliomba mapumziko. Matroni alikuwa amekwisha fika na kapu lake, amekwisha kifunga kifundo cha mguu, na midomo yake inakwenda. Alipoifungua, bendeji ilimvuta mikono hadi chini. Mjukuu akasimama, akapigapiga mguu sakafuni, akambusu bibi yake shavuni na kurudi.

Matroni aliibeba hadi kwenye benchi. Watoto wengine waliangalia viatu vyao. Kifungo, ambaye mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa na hauwezi kukunjwa, aliutoa ule mwingine.

"Ya nani hii, bibi?"

"Ya mjukuu wangu."

Kifungo alingoja ikazwe. Uso ulimkunjamana, kisha ukatulia. "Mpya hii," alisema. "Ya Twiga imezoea watu."

"Nilegeze?"

"Ukilegeza itaanguka, bibi. Kaza tu."

Matroni akakaza, akachomeka pini.

Refa alipuliza filimbi. Twiga alipiga, mpira ukazama, na benchi lote likasimama kupiga makofi, maana Mwalimu hataki kuona mtu amekaa timu inapopata pointi. Kifungo alijaribu mara mbili.

"Bibi, niinue. Mwalimu ataniona."

Matroni alimshika makwapani, akamnyanyua. Hakuwa na uzito wowote. Uzito wote ulikuwa kwenye bendeji. Kifungo alipiga makofi kwa nguvu. Ng'ambo ya uzio baba yake, kiatu cha mtu mkononi, aliwaonyesha waliokuwa karibu: yule pale, yule mdogo aliyesimama, ni wangu.

Mpira ukarushwa juu. "Usiniache, bibi," alisema Kifungo, na matroni akazidi kumshika, macho yakiwa kwa mjukuu wake, aliyekuwa anaruka.