Jina la Afrah

Twahiru, fundi wa pikipiki pale Cibitoke, hakupenda maneno. Mkewe Waridi akianza kulalamika, yeye alichukua kofia yake akatangulia msikitini hata adhana haijaitwa. Alijiona mpole.

Kisa kilikuwa jina. Wao walimpa binti yao jina la Afrah, lakini Mwanamwema, mama yake Twahiru aliyeishi nao, alimwita Khadidja, kwa jina la binti yake aliyefariki. Waridi alimsihi mumewe aseme na mama yake. Twahiru alijibu kwamba mambo yatajinyoosha yenyewe. Mwishowe Waridi akanyamaza, na Twahiru akadhani amani imeingia nyumbani.

Asubuhi moja Waridi alimwita mtoto kwa jina la Afrah, asigeuke. Bibi akaita Khadidja, mtoto akamkimbilia. Waridi alifunga nguo zake, akambeba binti yake mgongoni, akaenda kwa kaka yake, mtaa wa Gasenyi.

Jioni Twahiru alimfuata na kitenge kipya. Waridi hakukipokea.

“Baba Afrah, mi sitaki kitenge. Kila nikisema, we unatoka. Leo ukae, unisikilize.”

Akakaa. Aliyasikia mengi, mengine ya kuchoma. Macho yalimkimbilia mlangoni, ila hakuinuka.

Kesho yake akamkabili mama yake, akamwambia mtoto aitwe Afrah. Mwanamwema alikasirika, akamwambia mwanamke amemgeuza kichwa, kisha akaangua kilio. Siku nyingine Twahiru angekuwa keshafika barabarani. Safari hii alibaki pale mkekani.

“Nisipomuita mi, nani atamutaja Khadidja humu ndani?” mama akauliza. “We tangu tumuzike, hata siku moja hujamutaja.”

Ilikuwa kweli. Hata kumbukumbu ya dada yake mwenyewe alikuwa ameikimbia. Akaanza kumtaja, polepole: jinsi dada huyo alivyomficha asichapwe, jinsi alivyounguza wali wa Idi. Mama akasema haukuwa wali, ulikuwa pilau. Wakabishana juu ya hilo huku wote wawili wakilia.

Waridi aliporudi, mama mkwe alimpokea mtoto mlangoni, akamwita Afrah, kwa taabu, kama mtu anayemeza dawa. Hadi leo ulimi humteleza. Waridi humsahihisha pale pale. Mama mkwe hununa kidogo, kisha yanaisha. Naye Twahiru, maneno yakipanda, bado huitazama kofia yake, lakini hukaa.