Miezi Mitatu na Siku Kumi na Tatu

Binti wa kaunta alikuwa na kucha za bluu na sauti ya muuguzi. Niliipenda sauti hiyo mpaka iliponiambia, "Mama, pasipoti hii haitakufikisha."

"Hainifikishi yenyewe, binti. Mimi ndiye ninayeibeba."

Hakucheka. Aliigeuza pasipoti inielekee, akaweka ukucha wa bluu chini ya tarehe ya mwisho: 19 Mei. Siku hiyo ilikuwa tarehe 6 Februari, tuko uwanja wa ndege wa Gardermoen, watu ishirini na wawili wa kwaya moja, na theluji nje inamwagika kama unga wa gunia lililotoboka.

"Vietnam wanataka pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku unapoingia," akasema. "Wewe una mitatu na siku kumi na tatu."

"Mimi nakwenda siku tisa tu. Hiyo mingine nitawaachia."

"Najua, mama."

"Tarehe ni tarehe. Imeandikwa na serikali ya Norway, sikuiandika mimi."

"Najua. Lakini mlango ni wao."

Naomba usinione mjinga. Kisiwani kwetu, pwani ya Helgeland, ukitaka kwenda nje ya nchi unapanda gari, unavuka mlima mpaka Sweden, unanunua nyama ya nguruwe na tumbaku ya kubana chini ya mdomo, unarudi. Hakuna anayekuuliza hata jina. Isitoshe, boksi la maziwa la kwetu limeandikwa tarehe, na chini yake kampuni yenyewe inakuambia kwamba baada ya tarehe hiyo maziwa mara nyingi bado ni mazuri, onja kwanza. Mtu aliyelelewa na boksi la namna hiyo atajuaje kwamba kuna kitu duniani kinachoharibika miezi sita kabla ya tarehe yake? Pasipoti yetu nyekundu imetuzoesha vibaya. Mlango unafunguka kabla hujagonga, na wewe unadhani ni kwa sababu ya sura yako.

Basi nikacheka, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nimefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye kiwanda cha samaki, nimeachwa na mume kwa barua, nimevunjika nyonga kwenye barafu mlangoni kwangu mwenyewe. Vyote hivyo nimevicheka, vingine baada ya muda. Hiki nacho nikadhani kitachekeka.

"Sasa tufanyeje, binti? Maana Jumamosi ninaimba."

Hapo ndipo pa kuumia. Miaka ishirini na sita nimeimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, karibu na bomba la joto. Mimi ni ile sauti ambayo ukiiondoa unajua kuna kitu kimepungua lakini huwezi kusema ni nini. Vipande vya mtu mmoja vilikuwa vya Solbjørg siku zote, jirani yangu na rafiki yangu. Mwezi wa Septemba mwalimu wetu, Vemund, kijana mpole anayetembea kama anaiomba radhi sakafu, alitusikiliza mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba Da Nang, huko Vietnam, kwenye tamasha la kwaya, ubeti wa tatu nitaimba mimi. Peke yangu. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na nne. Solbjørg alikuwa wa kwanza kunikumbatia. Akaninong'oneza, "Umestahili, shoga yangu," na machozi yakamtoka. Niliyaona kwa macho yangu. Mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya nini.

Binti wa kaunta alipiga simu, akapiga nyingine. "Polisi wa hapa wanaweza kukupa pasipoti ya dharura," akasema, "lakini kwa safari hii itabidi uombe viza kwanza, na jibu la viza haliji leo wala kesho. Bila hiyo siwezi kukupandisha, mama. Nikikupandisha watakurudisha."

Vemund alikuja mbio, akasikia, akawa mweupe kuliko kawaida yetu. "Nani atapokea ubeti wa tatu?" akauliza, kama anaiuliza hewa.

"Mimi naujua," akajibu Solbjørg.

Alikuwa ameshapita kaunta, kadi ya kupandia mkononi. Alijibu kabla swali halijatua. Nilisikia kasi ile, lakini sikuifikiria. Nilifikiri, ama kweli rafiki ni rafiki, amenisitiri.

Nikageuka nyuma. Aliyenifuata kwenye foleni alikuwa Hallstein, besi wetu, mtu anayezungumza kana kwamba maneno yanamwishia. Nikamtania.

"Karibu tubaki wote, Hallstein. Wewe na mimi tulipigwa picha siku moja, mwaka ule wa kwenda kuimba Scotland. Wewe ulifumba macho. Pasipoti zetu ni mapacha."

Ni kweli. Miaka kumi iliyopita kwaya nzima iliingia ofisi ya pasipoti asubuhi moja, kwa zamu, tukicheka. Kwenye kaunta alikuwa amekaa Solbjørg mwenyewe. Ndiyo kazi aliyofanya miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu: kupokea fomu, kupiga picha, kukuambia usitabasamu. Wa kundi lile tuliobaki kwenye kwaya ni watatu: mimi, yeye, na Hallstein. Wengine wamekufa, wamehama, au wamechoka na mazoezi ya kila Jumanne.

Hallstein aliweka pasipoti yake kaunta. Ilikuwa mpya, bado inang'aa.

"Nimebadilisha," akasema.

"Lini?"

"Novemba."

"Wewe? Wewe ambaye soksi hubadilishi? Nani alikukumbusha?"

Hallstein alifikiri. Kwa kawaida nikimsubiri Hallstein afikiri huwa naimba moyoni, ili nisichoke. Safari hii sikuimba.

"Solbjørg," akasema. "Alinipigia simu. Alisema ya Mei haitafaa."

Sijui kama umewahi kuteleza kwenye barafu. Kuna kitambo kidogo sana ambacho miguu imeshaondoka lakini mgongo bado haujapata habari. Nilikuwa hapo.

Kisha habari zikafika, zote kwa pamoja. Solbjørg ndiye aliyekuwa amekabidhiwa orodha ya safari. Mwezi wa Novemba alihitaji namba za pasipoti zetu. Mimi nilikuwa kwa dada yangu Bodø, nikamwambia kwenye simu, "Ingia tu, iko droo ya jikoni, chini ya vifuniko vya jemu." Ufunguo wa nyumba yangu anao, wa kwake ninao mimi. Ndivyo tunavyokaa: yeye humwagilia maua yangu, mimi humlishia paka. Akaingia, akaishika pasipoti yangu mkononi, akaandika namba, akairudisha chini ya vifuniko vya jemu. Mwanamke ambaye amesoma tarehe za pasipoti miaka thelathini na mmoja.

Na masanduku! Miaka yote, tukisafiri na kwaya, mavazi yetu ya asili tunayaweka sanduku moja, langu na lake. Ni ya sufu nzito, yana vifungo vya fedha na bruchi, pini za urembo za kuning'inia kifuani, na sanduku langu ndilo kubwa. Mwaka huu aliniambia, "Safari hii kila mtu abebe lake, Borghild, mgongo wako si mzuri." Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa kujali mgongo wangu, kumbe alijua sanduku langu halitapanda ndege.

Nikamwita. Sikupaza sauti. Kwetu mtu akipaza sauti uwanja wa ndege wanadhani ni ajali.

"Solbjørg. Hallstein ulimpigia simu?"

"Sikumbuki vizuri."

"Yeye anakumbuka, na unajua alivyo mvivu wa kukumbuka."

Alitazama viatu vyake. "Wewe ni mtu mzima, Borghild. Mimi si mama yako wa kukuangalizia pasipoti."

"Mama yangu angesahau kweli. Alisahau mpaka jina langu, Mungu amrehemu. Wewe hukusahau."

Hallstein alikohoa. Vemund akatazama saa. Wale wengine kumi na wanane wakaanza kutafuta vitu kwenye mikoba yao, wote kwa wakati mmoja, kama wameamriwa. Nilingoja mmoja aseme neno. Wote wazuri, wote majirani, ukikwama kwenye theluji watakuja na majembe kabla hujapiga simu. Lakini ndege ilikuwa inaita, na ubeti ulikuwa na mtu wa kuuimba.

"Tutakutumia picha," akasema mmoja wa sauti ya kwanza.

"Tumeni," nikasema. "Na msifumbe macho."

Nikabaki na sanduku langu. Nilikaa kwenye benchi, nikatoa mkate wangu wa safari uliofungwa kwenye karatasi, nikala wote, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo. Binti wa kucha za bluu alipotoka zamu alipita, akasimama.

"Mama, pole sana. Wengi hawajui sheria hiyo."

"Kuna aliyejua," nikamwambia.

Jumapili Hallstein alinitumia video. Hakuandika kitu. Niliitazama jikoni, miwani ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso, nikidhani kwamba nikiona ukungu nitaumia kidogo. Ubeti wa tatu ulipofika Solbjørg akapiga hatua moja mbele, bruchi ya fedha ikatikisika kifuani. Nilikuwa nimeomba, nasema ukweli wangu, nilikuwa nimeomba sauti imkauke pale juu, kwenye noti ile ndefu, kama ilivyokuwa inamkauka mwaka mzima.

Haikumkauka. Aliimba vizuri. Hilo ndilo lililoniuma kuliko uwanja wa ndege.

Aliporudi alikaa siku nne bila kuja, na nyumba zetu zimetenganishwa na kijia cha hatua thelathini. Niliona taa yake. Yeye bila shaka aliona yangu. Siku ya tano, saa nane mchana, akabisha hodi. Tangu nimjue hajawahi kubisha.

"Ingia. Ulikuwa na ufunguo."

Alikuwa ameungua na jua puani. Ameniletea pakiti ya kahawa ya Vietnam. Kwetu ugomvi haupigiwi kelele, unapikiwa kahawa, basi nikaipika ileile. Nikachoma zile keki bapa za kubanwa kwenye kikaango cha chuma, za umbo la moyo, nikaweka jibini ya kahawia mezani. Tukakaa. Tukasifu kahawa. Nzito, alisema. Nzito kweli, nikasema.

"Ilikuwa siku gani?" nikamuuliza. "Siku ulipoishika."

Hakujifanya hajaelewa. Kwa hilo nitampa sifa yake.

"Tarehe sita Novemba. Nikaiona tarehe, nikasema, nitamwambia Jumanne, kwenye mazoezi."

"Jumanne ikafika."

"Ikafika. Ukaimba ubeti wako." Alikuwa anakivunjavunja kipande chake cha keki bila kukila. "Hujui ulivyoimba siku ile, Borghild. Vemund aliacha mikono hewani."

"Na Jumanne iliyofuata?"

"Ukaimba vizuri zaidi."

"Kumbe ningeimba vibaya ningesafiri."

Alicheka, bila kutaka, kile kicheko chake cha puani ambacho nimekijua miaka arobaini, nami mdomo wangu nao ukataka kucheka. Karibu tucheke wote. Ndipo nilipoogopa, maana niliona jinsi ingekuwa rahisi. Tungecheka, angefuta macho, angesema mimi ni mpumbavu, ningesema ndiyo, na Jumanne tungekaa viti vyetu. Na mimi maisha yangu yote ningekuwa mtu ambaye hata hilo alilicheka.

"Mpaka Januari bado ungewahi," akasema polepole. "Pasipoti mpya ingetoka. Nilihesabu. Kila wiki nilihesabu. Halafu wiki zikaisha, na nikaona heri ziishe."

"Ufunguo wangu, Solbjørg."

"Nini?"

"Ufunguo wa nyumba yangu."

Alitoa lundo lake la funguo mfukoni. Wangu una uzi mwekundu, niliufunga mwenyewe mwaka alipohamia. Pete ya chuma ilikuwa ngumu, akaivuta, ikateleza, akaivuta tena, ukucha ukamkatika. Zamani ningemnyang'anya nimfungulie. Nilikunja mikono, nikatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu.

"Maua yako atamwagilia nani?"

"Yatajua yenyewe. Mimi nilijua mwenyewe."

Akauweka juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, katikati ya vikombe. Wa kwake nikautoa msumarini karibu na mlango, nikampa mkononi. Akaniuliza paka je. Nikamwambia paka hana kosa, amlete akitaka, atakula hapa. Alivaa koti lake, akahangaika na zipu, akatoka, nami nikasikia hatua zake kwenye theluji mpaka zikaisha.

Pasipoti yangu mpya ilikuja wiki ile. Miaka kumi, nyekundu, picha mbaya. Niliiweka droo ileile, chini ya vifuniko vya jemu, kwa sababu ndipo pasipoti inapokaa. Kisha nikautundika ufunguo wenye uzi mwekundu kwenye msumari uliokuwa wa ufunguo wa Solbjørg, karibu na ufunguo wangu mwenyewe. Sasa nina funguo mbili za mlango mmoja, na zote mbili ziko ndani.