Nyuma ya Kitambaa Cheusi

Mtaa mzima ulimwita Cheka Kidogo, kwa kuwa ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake. Kwa picha za watoto wadogo hakuwa na mpinzani, na kwa hilo alitembea kifua mbele. Siri yake ilikuwa kitambaa cheusi. Mama huketi kitini akafunikwa gubigubi, kisha mtoto hukalishwa mapajani mwake. Mikono ya mama humshika kwa chini ya kitambaa, mtoto akatulia tuli, na kwenye picha huonekana kakaa peke yake kama bosi.

Asubuhi moja Baba Kibonge aliingia studio na binti zake wawili, mkubwa wa miaka saba na Kibonge mwenyewe, ambaye hata mitatu hajatimiza. Shati la baba halikupigwa pasi. Mkewe walikuwa wamemzika Jumanne.

"Pole sana, kaka."

"Tumeshapoa, fundi. Nataka picha ya mama yao. Moja tu, ya ukutani. Za kwenye simu, mpigaji alikuwa yeye. Ya kitambulisho ni ya usichana wake. Huyu mdogo kaitazama akaniuliza, huyu nani? Nikasema kwako hatukosi. Kila mwaka alikuwa analeta watoto."

"Usijali, ipo," alisema Cheka Kidogo, akawasha kompyuta.

Akafungua za mwaka jana. Kibonge yuko katikati, kazungukwa na weusi. Za mwaka juzi, vilevile. Akarudi nyuma hadi huyu mkubwa alipokuwa hajaota meno: mtoto na weusi, mtoto na weusi. Mama yao alikuwamo katika kila picha, na hakuonekana hata katika moja. Zile alizochomoza kichwa kumfuta mtoto makamasi, zile alizocheka mpaka kitambaa kikamdondoka, fundi alizifuta palepale. Picha mbovu hakuwa na kawaida ya kuziweka, na hata hilo alikuwa akijisifia.

Kisha akakumbuka, na heri asingekumbuka. Mwaka jana, kazi ilipokwisha, yule mama alijitengeneza nywele akasema, "Na mimi nipige moja basi, fundi. Nimesuka leo."

"Mwakani, Mama Kibonge," alimjibu. "Watoto wameshachoka."

Uongo mtupu. Watoto walikuwa wakirukaruka. Aliyechoka ni yeye, alikuwa na njaa.

"Tafuta vizuri," alisema Baba Kibonge.

"Nimetafuta, kaka."

"Hata ya ubavu?"

"Hata ya ubavu."

Cheka Kidogo alitamani baba mtu amtukane, amkunje shati, afanye lolote, lakini yule bwana alisimama tu akiitazama kompyuta kana kwamba bado inafikiri.

Kibonge naye alikuwa amekiona kiti, na kitambaa kimetandikwa juu yake. Akakipanda kwa shida, akageuka, akaiangalia kamera. Akainua mikono kidogo, kama alivyozoea, ili ile mingine ipite kumshika kiunoni.

"Mama, shika," alisema, akangoja. Alitulia kuliko mtoto yeyote aliyewahi kukaa pale.

Ndipo dada mtu, bila kuambiwa, alipomnyanyua mdogo wake, akaketi yeye, akampakata na kujivutia kitambaa mpaka utosini. Akajipanga vizuri asionekane hata kidole. Alikuwa ameshamwona mama yake akifanya hivyo mara nyingi.

"Tayari, fundi," sauti yake ilitoka humo ndani.

Cheka Kidogo aliiendea kamera. Akarudi. Akakishika kitambaa kwa ncha akakivuta taratibu mpaka uso wa msichana ukatoka, umeloa machozi.

"Wewe usijifiche, mwanangu," alisema. "Wewe tukuone."

Kibonge akageuka haraka kutazama nyuma. Akaona ni dada yake, akaangua kilio. Fundi akapiga hivyohivyo.