Samaki wa Milia na Mwenyekiti wa Josho

Mzee Kosgei hakuwa mwongo. Alikuwa mwenyekiti wa josho, na hiyo ni kazi inayomlazimu mtu kuusaidia ukweli kidogo. Mwaka ule wa 1974, watu wa bondeni kule Mau Narok walilalamika kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe inavuja mtoni na ndama wao wanakufa. Ofisi ikamwandikia mwenyekiti apeleke maji ya mto huo mjini Nakuru yakapimwe. Yakionekana mabaya, josho lingefungwa, na yeye uenyekiti wake kwisha. Sasa ofisi gani hiyo inayomtuma mshtakiwa akajiletee ushahidi? Kosgei alimshukuru Mungu, akaupita mto bila kuutazama, akachota kwenye chemchemi iliyo juu kabisa ya josho.

Kwenye maabara alimkuta Cheptanui, binti wa marehemu kaka yake, amevaa koti jeupe. Binti alimwonyesha visamaki vyenye milia, hata kidole havifikii. Watano wangetiwa katika maji yake, watano katika maji ya maabara, kisha yeye na mzee wangetazama nani anaishi.

Kosgei alicheka sana. Mtu mzima, ng'ombe arobaini, na leo anahukumiwa na samaki. Akauliza kama wataapishwa kwanza. Cheptanui akamjibu kwa heshima zote kwamba hawa hawajawahi kuhongwa mbuzi, tofauti na kamati fulani anayoijua. Mzee akarudia chai aliyokaribishwa.

Kufika saa nane, samaki wa maji yake walikuwa wanaogelea kiubavu. Saa tisa wote watano wakaelea matumbo juu. Wale wengine walicheza tu, hawana habari.

Akinyamaza, josho linafungwa, akisema, anajiumbua. Kosgei akachagua aibu.

"Hawa samaki yako wamekosea," alisema. "Hiyo maji si ya mto. Nilichota kwa chemchemi, huko juu."

Cheptanui alicheka mpaka akajifuta machozi. Alikiri kwamba alishuku tangu asubuhi, maana mto ule haujawahi kuwa na maji meupe hivyo. Halafu kicheko kikamkatika, akamuuliza aliyabeba kwa chombo gani.

Kosgei akavuta debe kutoka chini ya benchi. Lilikuwa debe la dawa ya josho, karatasi yake imebanduliwa. Alieleza, tena kwa fahari, kwamba madebe matupu ni haki ya mwenyekiti, na kwamba mkewe huyasugua kwa majivu na maji moto mara tatu.

"Mzee," Cheptanui alisema, "hayo mengine yako wapi?"

Moja lilikuwa jikoni, la maji ya chai. La pili mkewe alikamulia maziwa ya wajukuu. Alihesabu kwa vidole, sauti ikimpungua. Sasa josho lilikuwa limemtoka kabisa akilini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kwenye kidole cha tatu akavua kofia.

"Ile kubwa, ile mzuri," alisema, "nilipelekea mama yako Krismasi."