Dawa ya Picha ya Benedeta

Benedeta alikuwa wodini, anangoja kutolewa mawe ya nyongo. Daktari akamweleza kwamba katikati ya upasuaji watamwingizia dawa ya rangi ili mirija ionekane kwenye eksirei. "Mama, dawa hiyo imewahi kukudhuru?"

"Hapana," akajibu haraka, akiogopa kurudishwa nyumbani Lumino na maumivu yake.

Wifi yake Anjeline, aliyevuka mpaka na chapati za wodi nzima, akaangua kicheko. "Muongo huyu! Kwetu Kenya walimchoma hiyohiyo, uso ukafura kama andazi. Soko lote linajua!"

"Wifi, mdomo wako!"

"Mdomo wangu unakutaka hai."

"Tutatumia dawa nyingine na kujiandaa vizuri," daktari akasema. "Upasuaji uko palepale."

Benedeta akatulia. "Basi, wifi, mwambie na ile pumu."