Magugu Mia na Ishirini

Mchoraji na wifi yake, dada wa mumewe, walifanya kazi chumba kimoja, meza zikitazamana. Mchoraji alipanga kurasa za vitabu, wifi alipiga picha. Wateja walizoea kutania kwamba ofisi ile ina wifi asiyehitaji nywila. Programu zao zote walizilipia kwa ada moja ya mwaka, na mchoraji ndiye aliyezijua, au alijiona anazijua.

Kilichowavuruga ni kitabu cha magugu ya shambani. Wifi alipiga picha mia na ishirini, akasema amezipandisha zote kwenye wingu, ghala lao la mtandaoni, akafuta kadi ya kamera aanze kazi nyingine. Mchoraji akafungua wingu, akakuta kurasa zake na nembo za wateja, gugu hata moja hakuna. Alitafuta mara tatu. Kesho yake, mbele ya mhariri wa kitabu hicho na wasaidizi wake wawili, alisema bila kupepesa macho: "Wifi yangu alisema amezihifadhi. Hakuhifadhi kitu."

Wifi alikuwa amekaa hapo hapo. Alijibu polepole kwamba aliziweka kwa mikono yake. Lakini kwa kuwa mwenzake ndiye fundi wa mambo hayo, akaanza kujishuku. Alibeba kamera akarudi mashambani siku sita. Siku ya mwisho aliteleza mtaroni, kifundo cha mguu kikavimba hata kiatu kikagoma kutoka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe: nafasi ya picha inakaribia kujaa. Mchoraji alishangaa, maana nafasi aliyoijua ilikuwa nusu tupu. Akapiga simu huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alimweleza kwa upole kwamba ada ni moja lakini maghala ni mawili: kurasa na nembo zina lao, na picha zinazopandishwa kwa programu ya picha zina lao, wala hazionekani ukifungua lile la kwanza. Akamwelekeza pa kubofya. Magugu yakajitokeza yote mia na ishirini, na tarehe ni ile ile aliyoitaja wifi.

Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwanza aliwaza kuzihamisha kimyakimya, aseme zimepatikana tu. Kisha akatazama kiti kitupu mbele yake, akafunga kompyuta, akatoka.

Alimkuta wifi sebuleni, mguu juu ya mto. Akamweleza yote bila kupunguza.

"Nilianza kudhani akili zimeniruka," akasema wifi. "Uliniumbua mbele ya watu, wifi. Nisafishe mbele yao."

Mchoraji akampigia mhariri pale pale, simu akaiweka sauti ya wazi, akaomba wale wawili nao waitwe. Alipoanza tu kueleza, mhariri akacheka, akasema mashine hizi zinamchanganya kila mtu, yaishe. Ilikuwa rahisi kuitikia na kukata simu.

"Si mashine," alisema mchoraji. "Yeye alisema kweli. Mimi sikujua, nikamfanya mwongo."

Mhariri naye akaomba radhi kwa kuamini upesi. Wifi aliipokea, akasema mguu unamuuma, waagane.

Alirudi kazini mwezi uliofuata. Walizungumza vizuri, hata wakacheka. Lakini kila alipopandisha picha alimwita mchoraji aje ashuhudie kwa macho yake, na mchoraji aliinuka kila mara, akasimama nyuma ya kiti chake, akashuhudia.