Ukingo wa Deraya

Mimi ndiye niliyemwita baba yangu mbeba mizigo. Wala sikubabaika, ulimi ulinitii siku ile kuliko siku zote.

Tulikuwa Manila, kwenye ukumbi wa jengo la maduka, asubuhi ya mashindano ya mavazi ya kuigiza wahusika wa hadithi. Nilivaa deraya ya askari wa kike niliyembuni mwenyewe: kifua, mabega na magoti ya rangi ya shaba, vyote vya mpira mwepesi, ule ule wa soli za kandambili. Kwetu Marikina kila nyumba ya pili ni ya fundi viatu, na mpira huo tunaukanyaga tangu utotoni. Kazi yangu ilikuwa kuchora na kupaka rangi. Kukata, kupasha moto na kuuvuta mpira juu ya kalibu ya mti mpaka ushike umbo la kifua, hayo aliyafanya baba, ambaye majirani humwita Mang Fortunato, yaani Mzee Fortunato, wiki tano nzima, kila akimaliza viatu vya watu. Kanuni ilikuwa anayevaa awe ndiye aliyetengeneza. Nilipomsomea, baba alicheka.

"Kwani mkono wangu na wako si damu moja, Jovelyn?"

Basi nikatia saini.

Sasa alikuwa nyuma yangu na begi la gundi na viraka, kandambili miguuni, kucha nyeusi kwa gundi ya miaka thelathini. Nilizionea haya kucha zile. Zilinilisha, zikanisomesha, nami nikazionea haya.

Jaji, Bi Amparo, alikuwa akitengeneza deraya tangu sisi tukiwa kwenye nepi. Alilivua bega langu, akaligeuza, akapitisha kidole ukingoni polepole.

"Umenyolewa mshazari, mwembamba kama ganda la kitunguu," alisema. "Nani kakufundisha hivi?"

"Video tu, mama."

"Haya. Gundi ulipopaka, ulisubiri muda gani ndiyo ukabandika?"

"Sikusubiri. Nilibandika papo hapo, ikiwa mbichi."

Mtoto wa miaka sita wa Marikina angenizomea. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukiharakisha, inaachia. Nilimsikia baba akivuta pumzi nyuma yangu.

Bi Amparo aliinua macho, akaziona zile kucha.

"Na huyu mzee ni nani?"

"Mbeba mizigo wangu."

Baba hakushtuka. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Ndiyo, mama, mimi begi tu. Binti kahangaika mwenyewe, nimemwona kwa macho haya. Hapo kwenye gundi kateleza kwa woga, si unajua vijana."

Bi Amparo alinitazama mpaka nikatazama sakafu. Kisha akanisogelea, akateremsha sauti.

"Sikiliza, binti. Kuna kundi la wawili, mmoja anatengeneza, mwingine anavaa. Fomu ninazo hapa. Hujachelewa."

Alininyooshea kalamu. Neno moja tu lilihitajika, na ni neno la kwanza mtoto kujifunza. Lakini pembeni walisimama wenzangu, wale niliowaringia mtandaoni miezi mizima kwa picha za "kazi ya mikono yangu". Niliwaona wanatusikiliza.

"Nashukuru, mama. Nashindana peke yangu."

Alirudisha kalamu mfukoni, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda meza ya pili. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Jina langu halikuitwa, si la kwanza wala la kumi. Stahili yangu! Kilichoniuma ni kwamba kila jina lilipotajwa, baba alinyoosha shingo akidhani ni langu.

Tulipotoka alitembea hatua kadhaa nyuma yangu na lile begi, maana wenzangu walikuwa bado wametapakaa mlangoni. Tulipokata kona nilisimama nikamsubiri. Nilitaka kumwomba radhi, aibu imenijaa mpaka machoni. Yeye akanitangulia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilizidisha mno ufundi kwenye ule ukingo. Ningeacha kasoro mbili tatu, wangeamini kazi ni yako."